Flavonoidi za mimea na kisukari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayojirudia kila inapotajwa kwamba mimea ina kemikali zinazosaidia kudhibiti sukari. Yameanza na ya msingi, yakaishia kwenye hali za pekee, na si lazima uyasome kwa mfuatano. Kama tayari unatumia dawa za kisukari, pitia kwanza swali la 17 na la 19.

## Mambo ya msingi

1. Flavonoidi ni kitu gani?

Ni kundi kubwa la kemikali ambazo mimea hujitengenezea yenyewe. Zilizokwisha kutambuliwa ni zaidi ya 6,000, na zote zina kiunzi kimoja cha atomi 15 za kaboni: pete mbili zilizounganishwa na kipande cha kaboni tatu. Tofauti huja kwenye vitu vinavyobandikwa juu ya kiunzi hicho, hasa molekuli za sukari, na tutaona chini kwamba kibandiko hicho kidogo ndicho kinachoamua kama kemikali itaingia kwenye damu au itapita tu.

Mmea hauzitengenezi kwa faida yetu. Zinaukinga na miale mikali ya jua, zinawafukuza wadudu kwa uchungu, na zinayapa maua rangi ya kuwavuta nyuki. Zambarau ya ganda la biringanya, uchungu wa balungi na ukakasi wa chai iliyokolea, vyote hivyo ni flavonoidi.

2. Je, ni aina ya vitamini?

Hapana, ingawa ziliwahi kuitwa hivyo. Mwaka 1936 Albert Szent-Györgyi, mwanasayansi wa Hungaria, na wenzake walipendekeza jina "vitamini P" baada ya kuona kwamba dondoo za ndimu na pilipili zilionekana kuimarisha mishipa midogo ya damu. Mwaka uliofuata alipata Tuzo ya Nobel, lakini kwa kazi nyingine, ikiwamo ile ya vitamini C.

Jina hilo liliachwa kufikia miaka ya 1950. Ukikosa vitamini C utapata kiseyeye. Ukikosa flavonoidi hakuna ugonjwa wa upungufu unaojulikana. Ndiyo maana pia hakuna kiwango rasmi cha kila siku, jambo tunalolirudia kwenye swali la 14.

3. Zinapatikana kwenye vyakula gani?

Karibu kila kitu kinachotoka shambani kina kiasi fulani, ila familia zake hazifanani. Kwesetini na ndugu zake wamo kwenye vitunguu, matufaha na mboga za majani. Katekini ni za chai na kakao. Hesperidini na naringenini ni za jamii ya machungwa, hasa kwenye ule utando mweupe ambao wengi huutupa. Antosiyanini ndizo rangi nyekundu, zambarau na buluu za zabibu, beri, kabichi nyekundu na vitunguu vyekundu. Isoflavoni ziko kwa wingi kwenye soya.

Sehemu ya mmea nayo ina uzito wake. Kwa kuwa nyingi ni kinga dhidi ya jua, hujazana karibu na ganda. Tufaha lililomenywa limeacha sehemu kubwa ya kwesetini yake kwenye maganda, na tabaka za nje za kitunguu zina nyingi kuliko kiini.

4. Kisukari kinaingiaje hapo?

Kisukari ni hali ya sukari kubaki juu kwenye damu kwa sababu kongosho halitoi insulini ya kutosha, au mwili hauitikii ile iliyopo, au yote mawili. Vipimo vinavyotumika sana kukitambua ni sukari ya 7.0 mmol/L au zaidi kabla ya kula chochote asubuhi, au HbA1c ya asilimia 6.5 au zaidi. HbA1c huonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi miwili hadi mitatu iliyopita.

Zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wana aina ya 2, na karibu utafiti wote wa flavonoidi unahusu hao. Aina ya 1 ni habari nyingine kabisa (swali la 20).

## Zinavyofanya kazi

5. Zinashushaje sukari?

Njia iliyo wazi zaidi iko kwenye utumbo. Wanga tunaokula lazima ukatwekatwe na vimeng'enya viitwavyo amilasi na glukosidasi kabla ya kufyonzwa. Flavonoidi kadhaa huvizuia vimeng'enya hivyo kwa kiasi fulani, na nyingine huziba kwa muda milango inayopitisha glukosi kwenda kwenye damu. Matokeo yake ni sukari kupanda polepole baada ya mlo, badala ya kuruka ghafla. Dawa ya akabosi hufanya kazi kwa kuzuia vimeng'enya hivyohivyo, ila kwa nguvu zaidi.

Njia nyingine ni kuamsha kimeng'enya kiitwacho AMPK, kinachoiambia seli kwamba nishati imepungua, nayo ikaanza kuvuta glukosi kutoka kwenye damu. Kupunguza uvimbe wa ndani kwa ndani unaofanya mwili ukaidi insulini. Na kulegeza mishipa ya damu. Hii ya mishipa isidharauliwe, kwa kuwa moyo na mishipa ndiyo inayowaua wagonjwa wengi wa kisukari aina ya 2.

6. Kama maabarani zinafanya yote hayo, mbona hazijawa dawa?

Hapa ndipo habari nyingi za mitandaoni zinapoteleza. Mtafiti akitaka kuona kwesetini inaifanya nini seli, huimwagia seli hiyo kwesetini halisi kwa kiwango cha mikromola 10 hadi 100. Sasa mtazame mtu aliyekula kitunguu. Utumbo na ini lake huishika kwesetini karibu yote, vikaibandika salfeti au asidi ya glukuroniki, na kinachozunguka kwenye damu ni mabaki hayo, kwa kawaida chini ya mikromola chache. Seli ya maabara ilikutana na kemikali moja. Seli ya mlaji inakutana na nyingine, tena kidogo.

Hata kuingia kwenyewe kunategemea kile kibandiko tulichokitaja. Mwaka 1995 watafiti wa Uholanzi walipima ufyonzaji kwa watu waliokuwa wametolewa utumbo mpana, ili waone kinachofanyika kwenye utumbo mwembamba pekee. Kwesetini ya kitunguu, iliyobandikwa glukosi, ilifyonzwa kwa asilimia 52. Rutini, ambayo ni kwesetini ileile iliyobandikwa sukari nyingine, ilifyonzwa kwa asilimia 17 tu.

Zisizofyonzwa hazipotei bure. Hufika utumbo mpana, bakteria wakazivunja kuwa vipande vidogo, na vipande hivyo huingia kwenye damu saa nyingi baadaye. Kwa kuwa bakteria wa watu wawili hawafanani, chakula kilekile kinaweza kumfaidi mmoja kuliko mwenzake.

Kuna tatizo jingine linalojulikana na wanakemia lakini halifiki kwenye matangazo: kwesetini na baadhi ya wenzake hunata kwenye protini ovyo na kuvuruga vipimo vya maabara, hata ionekane zimezuia kimeng'enya fulani wakati zimeharibu jaribio lenyewe. Kwa hiyo ukisoma "imethibitishwa kuzuia", uliza imethibitishwa ndani ya nini: kibomba cha maabara, panya, au binadamu?

7. Si faida yake kubwa ni kuzuia oksidi?

Ndivyo ilivyodhaniwa kwa muda mrefu. Kwenye kibomba flavonoidi huzima chembe haribifu vizuri sana, lakini kiwango kinachofika kwenye damu ni kidogo mno kulinganisha na vizuia oksidi vya mwili wenyewe. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na orodha ya vyakula iliyovipa alama za uwezo huo, ikaiondoa mwaka 2012 kwa kuwa alama hizo hazikuonyesha faida yoyote mwilini, na watengenezaji walizitumia vibaya kuuzia bidhaa. Tangazo linalojivunia alama hizo hadi leo linakuambia mengi kuhusu muuzaji wake.

## Ushahidi kwa binadamu

8. Kula vyakula hivi kunaweza kumkinga mtu asipate kisukari aina ya 2?

Inaelekea kunapunguza uwezekano, ila si flavonoidi zote. Mwaka 2012 yalitoka matokeo ya uchunguzi wa wauguzi na wahudumu wengine wa afya nchini Marekani, zaidi ya watu 200,000 waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Waliokula antosiyanini nyingi zaidi walikuwa na hatari ya kisukari iliyo chini kwa takriban asilimia 15 kuliko waliokula kidogo kabisa. Matufaha, mapera ya Ulaya na beri za buluu nazo zilihusishwa na hatari ndogo. Lakini jumla ya flavonoidi zote haikuonyesha uhusiano wowote.

Uchunguzi wa namna hiyo una udhaifu wake. Anayekula beri kila wiki huenda pia anatembea zaidi, havuti sigara na ana kipato kizuri. Watafiti hujaribu kuyaondoa hayo kwa hesabu, na hawawezi kuyaondoa yote. Kwa kulinganisha, jaribio kubwa la kinga la Marekani lililotolewa mwaka 2002 liliwagawa watu kwa bahati nasibu, na waliopunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari kwa asilimia 58. Hakuna flavonoidi iliyowahi kukaribia hapo.

9. Na ikiwekwa kwenye kidonge badala ya chakula?

Jaribio lililo wazi zaidi ni COSMOS la Marekani, la wazee zaidi ya 21,000. Nusu walipewa dondoo ya kakao yenye miligramu 500 za flavanoli (familia ya katekini) kila siku, nusu wakapewa kidonge kitupu, kwa zaidi ya miaka mitatu. Kwa wale ambao hawakuwa na kisukari mwanzoni, dondoo hiyo haikupunguza idadi ya waliokipata. Kwenye moyo, jumla ya matukio haikupungua kwa kiwango cha kuaminika, ingawa vifo vya moyo vilikuwa vichache upande wa kakao, na hilo bado linajadiliwa.

Kwa maoni yangu, jaribio hili lilipaswa kujulikana kuliko makala zote za panya zikijumlishwa.

10. Tayari nina kisukari. HbA1c yangu itashuka?

Usitegemee mengi. Majaribio ya kwesetini kwa binadamu, yakijumlishwa, hayaonyeshi kwamba inashusha HbA1c. Kinachoonekana zaidi ni kushuka kidogo kwa shinikizo la damu kwa wanaotumia kuanzia miligramu 500 kwa siku. Kwa katekini za chai na antosiyanini kuna majaribio yanayoonyesha nafuu ndogo na mengine yasiyoonyesha kitu, na mengi ni ya watu wachache na wiki chache. HbA1c inahitaji miezi mitatu kubadilika vizuri, kwa hiyo jaribio la wiki nne haliwezi kukuambia mengi kuihusu.

Chakula chenye flavonoidi kinaweza kusaidia kwa njia nyingine. Anayebadili soda kwa chai isiyo na sukari, au biskuti kwa tufaha, sukari yake itashuka hata kama katekini na kwesetini hazikufanya lolote.

11. Kuna dawa halisi ya kisukari iliyotokana na flavonoidi?

Ipo, na historia yake inafaa kusimuliwa kwa kirefu. Mwaka 1835 wanakemia wa Ubelgiji walitoa kemikali chungu kwenye gome la mzizi wa mtufaha, ikaitwa florizini. Kwa sababu ya uchungu wake walidhani ingetibu homa. Florizini ni ya ukoo wa flavonoidi. Mwaka 1886 daktari Mjerumani Josef von Mering aliwapa mbwa florizini, mkojo wao ukajaa sukari. Miaka mitatu baadaye yeye na Oskar Minkowski walimtoa mbwa kongosho, akapata kisukari, na hivyo ikajulikana ugonjwa huo unaanzia wapi.

Ilichukua muda mrefu kuelewa florizini inafanya nini. Figo huchuja takriban gramu 180 za glukosi kwa siku, kisha huirudisha karibu yote kwenye damu kupitia mlango uitwao SGLT2. Florizini huuziba mlango huo, sukari ikatoka na mkojo. Mwaka 1987 ilionyeshwa kwamba panya wenye kisukari waliopewa florizini sukari yao ilirudi kawaida na miili yao ikaitikia insulini vizuri zaidi.

Tatizo ni kwamba ukiimeza florizini, vimeng'enya vya utumbo huikata vipande kabla haijafika popote, na inayosalia huziba pia mlango wa glukosi wa utumbo, jambo linaloleta kuhara. Wanakemia wakabadilisha namna sukari ilivyoshikizwa kwenye molekuli ili isikatwe, wakairekebisha ilenge figo pekee. Ndizo dawa za leo: dapagliflozini iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2012, kanagliflozini Marekani mwaka 2013, na empagliflozini iliyofuata. Jaribio la mwaka 2015 lilionyesha empagliflozini ikipunguza vifo vya moyo kwa asilimia 38 kwa wagonjwa wa kisukari wenye maradhi ya moyo.

Kwa hiyo anayesema mimea haina lolote amekosea, na anayesema achemshe magome ya mtufaha amekosea pia.

12. Metfomini, dawa ya kisukari inayotumika sana, nayo ni flavonoidi?

Hapana. Asili yake ni galegini, kemikali ya mmea *Galega officinalis*, na galegini ni ya jamii ya guanidini. Galegini yenyewe ilikuwa na sumu. Metfomini ilitengenezwa maabara na kuanza kutumiwa kwa wagonjwa na Jean Sterne huko Ufaransa mwaka 1957.

13. Vipi mdalasini, manjano na beriberini?

Huchanganywa na flavonoidi mara nyingi, na si sahihi. Kikolezo kikuu cha manjano, kukumini, ni polifenoli (kundi pana ambalo flavonoidi ni sehemu yake) lakini si flavonoidi. Resveratroli ya zabibu ni ya familia nyingine ya polifenoli, na beriberini ni alkaloidi, kundi jingine kabisa la kemikali za mimea. Mdalasini una flavonoidi zilizoungana, ila ule wa aina ya kasia una pia kumarini, ambayo kwa wingi huumiza ini la baadhi ya watu. Kuutia kwenye uji hakuna shida. Kumeza vijiko vyake kila siku kama dawa ndiko kwenye shida.

## Jikoni

14. Nile kiasi gani kwa siku?

Hakuna namba rasmi kwa mgonjwa wa kisukari, na anayekupa moja kwa uhakika ameibuni. Kinachofaa ni aina: mboga za majani, kitunguu, tunda zima lenye ganda linaloliwa, kitu chenye rangi nyekundu au zambarau, na chai kwa anayeipenda. Tunda lina sukari, kwa hiyo lihesabiwe kwenye wanga wa siku kama chakula kingine.

15. Kupika kunaziharibu?

Kwesetini inavumilia moto vizuri. Hasara yake kubwa ni maji. Ukichemsha kitunguu, sehemu ya kwesetini huhamia kwenye maji, na ukiyamwaga umeimwaga. Kwenye mchuzi haipotei kwa sababu mchuzi unaliwa. Kukaanga kidogo na kupika kwa mvuke hutunza zaidi.

Antosiyanini ni laini kuliko hizo, na unaweza kuziona kwa macho. Katakata kabichi nyekundu, imwagie maji ya moto, subiri dakika chache. Maji yatageuka zambarau: hizo ndizo zimetoka kwenye kabichi. Kamulia ndimu kwenye kikombe kimoja, yatakuwa mekundu ya kung'aa. Tia magadi kidogo kwenye kikombe kingine, yatageuka buluu kisha kijani, na yakikaa rangi itafifia kwa kuwa molekuli zenyewe zinavunjika. Anayetia magadi ili mboga ziive upesi amelipa gharama hiyo. Anayetia ndimu au siki amezihifadhi.

16. Juisi, chai ya maziwa na chokoleti vinafaa?

Juisi haifai, hata ile isiyoongezwa sukari. Tunda likikamuliwa nyuzinyuzi hubaki nyuma na sukari hufika haraka. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013, wa wahudumu wa afya wale wa swali la 8, ulionyesha kwamba waliokula matunda mazima kama beri za buluu, zabibu na matufaha walikuwa na hatari ndogo ya kisukari, wakati wanywaji wa juisi walikuwa na hatari kubwa zaidi.

Chai: maziwa hushikamana na katekini kwa kiasi, na tafiti zinatofautiana kama hilo lina uzito wowote. Vijiko vya sukari ndivyo vya kuviogopa. Chokoleti: kakao mbichi ina flavanoli nyingi, lakini kakao iliyotiwa alkali ili iwe nyeusi na laini hupoteza sehemu kubwa, na chokoleti ya maziwa ni sukari na mafuta kwanza. Kuila kama dawa ya kisukari ni kujidanganya kwa utamu.

## Vidonge na dawa

17. Vidonge vya flavonoidi vinaweza kugongana na dawa zangu?

Vinaweza, na hata baadhi ya vyakula. Balungi huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja dawa nyingi, kwa hiyo dawa za kolesteroli kama simvastatini na atovastatini, na dawa za shinikizo kama felodipini na nifedipini hupanda kwenye damu kuliko ilivyokusudiwa. Athari hiyo hudumu zaidi ya siku moja, hivyo kutenganisha saa hakutoshi. Wanaolaumiwa hasa ni furanokumarini, kemikali nyingine za balungi, si flavonoidi, lakini kwa mtumiaji wa dawa hiyo haibadilishi kitu.

Chai ya kijani hupunguza ufyonzaji wa nadololi, dawa ya shinikizo. Soya ikiliwa pamoja na levothairoksini, dawa ya tezi ya shingo, huizuia kufyonzwa vizuri. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze kidonge chochote cha mimea bila kumweleza daktari. Mpe mfamasia orodha yote, pamoja na majani unayochemsha nyumbani. Wengi huyaacha wakidhani si dawa.

Jingine la kukumbuka: vidonge vya kwesetini mara nyingi huchanganywa na vitamini C nyingi, na baadhi ya vipima sukari vya kubandika mwilini husoma juu kuliko ukweli vitamini C inapozidi. Mtumiaji wa insulini anaweza kujidunga kupita kiasi kwa kuamini namba hiyo.

18. Vina madhara kwa ini?

Dondoo za chai ya kijani ndizo zenye rekodi. Mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba miligramu 800 au zaidi kwa siku za EGCG, katekini kuu ya chai hiyo, zikitumiwa kama vidonge, zinahusishwa na kupanda kwa vipimo vya ini. Chai ya kawaida ya kikombe haikuonyesha tatizo hilo kwa wanywaji wa kawaida. Macho kuwa ya njano, mkojo kuwa mweusi au maumivu upande wa kulia juu ya tumbo ni sababu ya kuacha kidonge na kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Chai iliyokolea inayonywewa pamoja na mlo hupunguza pia ufyonzaji wa madini ya chuma. Upungufu wa damu unaotokana na hilo unaweza kuipandisha HbA1c kimakosa, ukaonekana kisukari kimezidi kumbe ni damu.

19. Nimepewa dawa ya mitishamba iliyoshusha sukari ndani ya saa chache. Si ushahidi huo?

Ni ushahidi kwamba kuna kitu ndani yake, na huenda si mmea. Flavonoidi haziangushi sukari kwa kasi hiyo. Dawa za hospitali ziitwazo sulfonailurea, kama glibenklamidi, ndizo zinazoweza, na zimekwisha kukutwa zimesagwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kama za asili. Mwaka 2008 nchini Singapore, watu wapatao 150 wasio na kisukari walifikishwa hospitali sukari ikiwa imeporomoka, baada ya kutumia bidhaa haramu za nguvu za kiume zilizotiwa glibenklamidi. Wanne walifariki.

Sukari chini ya 3.9 mmol/L ni ya kushughulikiwa mara moja: gramu 15 hivi za sukari ya haraka, kama vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kisha pima tena baada ya dakika 15. Asiyejitambua asimiminiwe kitu mdomoni; apelekwe hospitali. Na ibebe hiyo dawa uende nayo.

## Hali za pekee

20. Nina aina ya 1. Kuna flavonoidi inayoweza kupunguza insulini yangu?

Hapana. Kwenye aina ya 1 kinga ya mwili imeziua seli zinazotengeneza insulini, na hakuna flavonoidi inayoziba pengo hilo. Kuacha insulini hata kwa siku moja au mbili kunaweza kuleta asidi ya ketoni kwenye damu, na hiyo huua. Vyakula vyenyewe ni vizuri kwako kama kwa mtu mwingine yeyote.

21. Nina aina ya 2 na sukari imetulia tangu nibadilishe chakula. Naweza kuacha dawa?

Inawezekana dawa ikapunguzwa, na wapo wanaofika mahali pa kuiacha. Kwenye jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2017, asilimia 46 ya waliofuata mpango mkali wa kupunguza uzito walikuwa wamepata nafuu kamili bila dawa baada ya mwaka. Kilichofanya kazi ni uzito: kwa waliopungua kilo 15 au zaidi, ilikuwa asilimia 86. Uamuzi ufanywe na daktari akiwa na vipimo vyako mbele yake, na upimwe tena baadaye, kwa kuwa sukari inaweza kurudi kimyakimya.

22. Nina kisukari cha mimba. Vidonge vya kwesetini au chai ya kijani ni salama?

Vidonge achana navyo. Dondoo zilizokolezwa hazina ushahidi wa kutosha wa usalama kwa mtoto aliye tumboni. Chai inywe kwa kiasi, ukikumbuka kwamba kafeini ya siku nzima inashauriwa isizidi miligramu 200. Matunda na mboga endelea navyo kwa mpangilio uliopewa kliniki.

23. Figo zangu zimedhoofika. Nile matunda na kakao?

Muulize mtaalamu wako wa figo kabla ya kuongeza. Vyakula vingi vyenye flavonoidi vina potasiamu pia, na figo dhaifu haziwezi kuitoa. Ikijazana huvuruga mapigo ya moyo. Matufaha, zabibu na kabichi vina potasiamu kidogo kuliko machungwa, ndizi na kakao, kwa hiyo nafasi ya kuchagua ipo.

24. Nitajuaje kama chakula fulani kinanisaidia mimi?

Kwa kipima sukari chako. Chagua mlo mmoja unaoujua, kiasi kilekile cha wanga, saa ileile. Pima kabla ya kula na saa mbili baada ya kuanza kula, kwa siku kadhaa. Kisha rudia mlo huohuo ukiongeza kile unachotaka kukijaribu, mathalani kikombe cha chai ya kijani isiyo na sukari, bila kubadilisha dawa wala matembezi. Andika namba zote, hata zisizokupendeza.

Vipima sukari vya nyumbani vinaruhusiwa kukosea hadi asilimia 15 hivi, kwa hiyo tofauti ya 9.1 na 8.6 si habari. Ikishuka kwa 2 mmol/L mara kwa mara, hiyo ni habari. Ipeleke kliniki pamoja na daftari lako, na dozi ibaki ilivyo mpaka waione.